Sindano ya Muthoki

Nairobi, 3 Juni 1991

Dada yangu Muthoki,

Habari za Kyuso? Mama yetu, Mwaitu, na mdogo wetu Kaluki hawajambo? Mimi nimetoka hospitali, nasimama bila kushikwa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo tena, kama ile ya utotoni. Daktari alishangaa mtu kuugua mara mbili, akatuma damu yangu Uingereza ipimwe.

Alinieleza kwamba kwenye damu kuna protini zinazoitana kijidudu kikiingia. Moja inakishika, inaita nyingine, mpaka za mwisho zinakitoboa kinakufa. Mimi nimezaliwa bila moja ya hizo za mwisho. Akasema, "Dada zako wanaweza kuwa hivyo pia."

Kuna sindano ya kinga. Njooni wote wawili.

Ndugu yako,
Kiema

Kyuso, 20 Juni 1991

Kaka Kiema,

Tumeshukuru umepona. Mwaitu aliposomewa barua yako alilia. Sisi ni wazima, ndiyo maana anauliza mtu mzima anadungwa ya nini. Ndengu zimekauka shambani, zinangoja kuvunwa, na Agosti kwaya yetu inaenda mkutano wa kanisa Mwingi. Mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo. Tutakuja Septemba, Ijumaa ya kwanza.

Dada yako,
Muthoki

Nairobi, 8 Julai 1991

Dada, salamu nyingi kwa Mwaitu. Sawa, Septemba si mbali. Vuneni kwanza.

Ndugu yako,
Kiema

Nairobi, 9 Septemba 1991

Dada, hamjambo kweli? Niliwangoja stendi Ijumaa na Jumamosi. Mbona kimya?

Ndugu yako,
Kiema

Kyuso, 22 Septemba 1991

Kaka Kiema,

Natumaini u mzima. Nilimkataza Kaluki kukuandikia mpaka nishike kalamu mwenyewe.

Ilinianzia Mwingi, kwenye mkutano. Kichwa kiliuma, shingo ikakaza, nikatapika. Walidhani ni jua. Kufikishwa hospitali ilikuwa kesho yake. Nilipozinduka nilimwona Mwaitu anasogeza midomo, nikadhani ananong'ona. Kumbe alikuwa analia kwa sauti. Sisikii, Kaka. Wamesema masikio hayatarudi.

Barua yako ya Juni nimeisoma tena. Ulieleza yote. Ndengu zingengoja. Najua utajilaumu kwa kuniambia tuvune kwanza. Sitakwambia uache, maana hata mimi sijaweza.

Mwaitu ameliacha shamba lilivyo, na mvua ya kupanda iko karibu. Kesho anamleta Kaluki, na barua hii utaipata mkononi mwake. Mpeleke adungwe kabla hajakaa kunywa chai.

Dada yako,
Muthoki