Nilivyomtaja Mama Noa

Jumatatu, 16 Juni 2025

Dodoso limeingia kwenye simu zetu. Maswali sitini na mawili! "Uzoefu wako wa mwaka wa kwanza chuoni." Halina jina, halina namba ya usajili — ndivyo walivyoandika juu kabisa, kwa herufi nene. Ila usipolijaza matokeo yako ya semista hayafunguki. Kwa hiyo si lazima, lakini ni lazima.

Badru, CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, kasimama mbele: jamani, wekeni nne nne kati ya tano mpaka chini, dakika tatu mmemaliza, msiniletee uchambuzi hapa. Asmahani, rafiki yangu, kaweka tano kila mahali, hata pale panapouliza kama ameridhika na bwawa la kuogelea. Nikamnong'oneza, kwani tuna bwawa? Akasema litajengwa, mie nishawatia moyo.

Mimi nimekwama swali la kumi na tisa. Mwaka huu umechangia mara ngapi darasani? Kila kipindi. Mara kwa mara. Mara chache. Sijawahi.

Sijawahi.

Nimeliandika hapa kwanza nione linavyoonekana. Tangu Novemba mkono wangu haujapanda juu. Majibu ninayo! Yanafika hapa kooni, yanapanga foleni, halafu mwenzangu anasema lile lile, anapongezwa, na mimi nashusha pumzi kwamba nimeokoka. Sekondari ilikuwa hivi hivi, nikasingizia Kiingereza. Sasa Kiingereza nakijua. Nimebaki sina cha kusingizia.

Nimefunga simu. Nitajaza kesho.


Jumanne, 17 Juni

Sikujaza.

Asubuhi nilikuwa kwa Mama Noa kama kawaida, nikagundua sijawahi kumwandika humu. Kama vile mtu asivyoandika kwamba leo kavuta pumzi. Basi leo namwandika.

Mama Noa ni mhudumu wa chumba cha kompyuta. Si mwalimu. Anafuta vumbi, anaandikisha majina kwenye daftari, anawasha mashine, anagombana na nyaya. Mlutheri wa Lushoto, anakaa Pongwe, anakuja kazini kwa baiskeli, upindo wa kitenge kauchomeka kiunoni usiingie kwenye mnyororo. Ufunguo wa chumba uko kwake. Saa ya kufungua ni saa mbili.

Saa mbili mimi siwezi. Kompyuta kumi na nane, watu sitini mlangoni, wanasukumana na kuitana, na mimi nikisukumwa ndimi ninayeomba radhi. Mwezi mzima wa kwanza sikupata kiti. Laptopu sina. Nyumbani kwa Shangazi Mboni, hapa Chumbageni, tuko tisa kwenye vyumba vitatu, na redio mbili ambazo hazishiki kituo kimoja.

Desemba alinikuta kwenye ngazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nangoja niwe wa kwanza. "We binti, mbona umekaa kama mwalikwa aliyesahauliwa na gari la harusi?" Shikamoo mama. Marahaba, ingia. Basi! Tangu siku hiyo. Yeye anafuta meza, mimi naandika kwenye kiti cha dirishani. Halafu ananiuliza: jana mmefundishwa nini, hebu nieleze mimi nisiyejua kitu. Namweleza kwa Kiswahili. Anasema sasa kwa Kiingereza chenu hicho. Namweleza. Anasema rudia, hapo katikati umenipoteza. Narudia.

Mbele yake naongea kama redio ya shangazi. Mbele yake tu.


Alhamisi, 19 Juni

Nimejaza!

Swali la kumi na tisa: sijawahi. Nimebonyeza haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Mwisho kulikuwa na kisanduku cheupe. Mtaje mtu au jambo lililokusaidia zaidi. Maswali yote nimeyajibu kwa Kiingereza, lakini hapo nikageuka, maana shukrani hainijii kwa Kiingereza. Nikaandika: "Namshukuru Mama Noa wa chumba cha kompyuta. Anatufungulia mapema sisi tusio na laptopu wala nguvu za kusukumana. Kiti cha dirishani ndicho chuo changu."

Nikasoma. Nikaona ni fupi, kama naona uchungu kumsifu. Nikaongeza: "Anatuamini kiasi kwamba hata ufunguo anatukabidhi tufungue wenyewe."

Hili la ufunguo lilitokea siku moja. Aprili, mvua ile kubwa. Alikuwa anavua koti lake la nailoni, mikono imenasa, akasema shika huu ufungue. Nikafungua, naye yuko nyuma yangu anadondosha maji kisiginoni kwangu. Mara moja. Na si "sisi", ni mimi.

Lakini kwetu Mkwaja mtu hashukuru nusu. Bibi akiletewa samaki mmoja anasema umenijazia kapu, na aliyeleta anajua ni samaki mmoja, na wote wanafurahi. Nikaona nami nimjazie Mama Noa kapu lake. Nikatuma.

Nimelala mchana usingizi mtamu.


Jumatano, 25 Juni

Kikao cha mrejesho, ukumbi mkubwa, mwaka wa kwanza wote. Dk. Methusela, mshauri wa wanafunzi, kasoma asilimia. Maktaba, sabini na moja. Vyoo, hakusema, kakohoa. Kisha: asilimia tisini na nne mmeridhika na bwawa la kuogelea. Kavua miwani. "Wapendwa, bwawa lipi?" Ukumbi ukapasuka. Asmahani kajificha mgongoni kwangu, mabega yanatikisika.

Halafu akasema kati ya madodoso yote, karibu kila mtu kaacha kisanduku cha mwisho kitupu. Ila mmoja kaandika, na angependa alisome.

Akalisoma langu.

Masikio yangu! Nilidhani yanatoa moshi. Kwa sauti yake maneno yangu yalikuwa makubwa kuliko nilivyoyaandika. Watu wakapiga makofi. Mtu akapiga vigelegele — Asmahani, na hajui kuwa ni mimi! Mama Noa alikuwa kasimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Kajifunika uso kwa kilemba, mabega yanacheka, au yanalia, sikujua. Namshukuru Mungu nimeliona hilo.

Pembeni ya Dk. Methusela alikaa bwana mmoja msimamizi wa mali za chuo. Hakupiga makofi. Alikuwa anaandika. Akasema, samahani Daktari, hebu rudia hapo kwenye ufunguo.

Nikadhani amependezwa napo.


Ijumaa, 27 Juni

Kufuli jipya. La njano, kubwa kama ngumi. Karatasi mlangoni: chumba kitafunguliwa saa mbili kamili na mlinzi.

Nilisimama pale kama mjinga, na daftari langu.

Badru ndiye aliyetueleza. Mama Noa kasimamishwa. Kufungua mapema wangemwonya tu yakaisha, lakini ufunguo wa chumba chenye mashine zote zile kuwapa wanafunzi waingie peke yao, hilo hawalimezi. Mkataba wake unaisha Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo kamati inakaa: wamwongeze au wamwage. "Mtu kamsifu mpaka kamfukuzisha," Badru akasema. "Angeweka nne nne kama nilivyowaambia."

Darasa likacheka. Nami nikacheka. Naandika hili nisije nikajisahaulisha: nilicheka pamoja nao.

Nyumbani bada, ugali wa muhogo, na samaki. Sikula. Shangazi kaniuliza tumbo? Nikasema tumbo.


Jumamosi, 28 Juni

Nimemwambia Asmahani. Kasema: bubu wangu wewe, umefungua mdomo mara moja mwaka mzima na umeangusha nyumba ya mtu. Halafu kasema: vaa viatu, twende Pongwe.

Mama Noa tulimkuta uani anachambua maharage ya makande. Shikamoo. Marahaba wanangu, karibuni, vuteni vigoda. Hana hata dalili ya mtu aliyesimamishwa! Kaniuliza nimepata wapi kiti wiki hii. Nikasema sikupata. Akasikitika kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu!

Akatoa simu. Kuna mtu alirekodi pale ukumbini, kamrushia mwanawe Noa. Akatuwekea tusikilize. Akaiweka tena. "Miaka kumi na moja nimefuta meza zile," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniandika, ila kwenye orodha ya mahudhurio."

Asmahani akauliza, mama, na hilo la ufunguo umewajibuje?

Akasema: "Nimewaambia sikumbuki kuwapa. Wakaniuliza, kwa hiyo mwanafunzi kasema uongo? Nikanyamaza. Mtoto kaniandika kwa mapenzi vile, nisimame mbele ya watu wazima nimwite mwongo? Siwezi."

Kwa hiyo ni hivyo. Ananilinda, na ile sentensi yangu inamla.

Nikasema, "Mama, ni mimi." Ilitoka ndogo kama sauti ya paka.

"Najua. Nani mwingine ana kiti cha dirishani?" Akaendelea kuchambua. Akasema, wewe tulia, Jumatatu usije. Waliahidi hakuna jina, kaa na ahadi yako. Ukijitaja watakuandika na wewe kwamba umedanganya kwenye dodoso, na wewe ndio kwanza unaanza. Mie nina shamba Lushoto.

Noa kapita na ndoo, kasema shamba lenyewe robo eka na nyani wote wa Usambara wanalijua. Mama Noa kamrushia ganda la haragwe. Tukacheka. Nilicheka na machozi humo humo.

Tumekula makande. Kaniongeza mara mbili. Kuna watu wanakosewa halafu wanakupakulia.


Jumapili, 29 Juni

Nimemweleza Shangazi Mboni wakati nafua. Kasikiliza yote, kaminya shuka, kasema: chumvi umetia wewe, nani mwingine aitoe? Basi. Kaanika shuka.

Nimejaribu mbele ya kioo. "Niliandika kwamba anatukabidhi ufunguo. Si kweli. Ilikuwa siku moja, kulikuwa na mvua, na yeye alikuwa nyuma yangu." Maneno machache tu! Kwa Kiswahili sauti inakatika kwenye "si kweli". Nikajaribu kwa Kiingereza. Inakatika pale pale.

Binamu zangu walikuwa wanachungulia mlangoni. Mdogo kauliza, dada Shadya anaongea na nani? Mkubwa kasema anajifunza kuongea.


Jumatatu, 30 Juni

Saa tatu kasoro dakika tano. Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano. Naandika ili nisitoroke.

Asmahani kaja, yuko kushoto kwangu, kanishikia mkoba. Kulia kwangu kuna mzee wa kutengeneza printa anangoja shughuli zake. Amenisalimia, nikamwitikia vizuri. Naihesabu hiyo.

Mama Noa kashaingia. Kanipita hapa. Kavaa gauni lake la kanisani na viatu vya kufunga. Hakuniangalia — kwa makusudi, najua, wasije wakashtuka. Lakini alipopita kanigusa bega kwa vidole viwili, kama anavyogusa kompyuta iliyogoma.

Bado navihisi.

Mapema nilifika kwa katibu muhtasi. Kauliza, una miadi? Nikasema sina. Kauliza, basi una shida gani? Nikasema nina neno kuhusu Mama Noa. Kauliza, wewe ni nani kwake? Nikasema, mimi nakaa dirishani. Kaniangalia, kasema kaa hapo, nitamwambia Daktari.

Mlango wao hauzibi vizuri. Nasikia. Bwana wa mali za chuo anasoma sentensi yangu. Kaisoma taratibu, neno kwa neno. Inasikika mbaya mno, kama ya mtu mwingine. Sasa anamwuliza Mama Noa: ni kweli au si kweli?

Karatasi inageuzwa.

Nikitaka kuondoka geti liko pale. Sitajulikana milele. Dodoso halina jina.

Mama Noa hasemi. Anaendelea kunilinda, na kila dakika anayonyamaza wanaandika.

Nataka iandikwe humu kabla ya lolote: mwaka huu nimepata kiti. Sikumsukuma mtu. Kuna mtu aliamka gizani Pongwe akaendesha baiskeli ili mimi nikipate, na hakuniuliza jina mpaka wiki ya tatu. Swali la kumi na tisa lingeniuliza leo ningejib

Mlango. Dk. Methusela katoa kichwa. Anaangalia benchi — Asmahani, mzee wa printa, mimi. Anasema ameambiwa kuna mtu hapa ana neno la kusema, ni nani?

Asmahani kaubana mdomo kwa nguvu, kanigeukia.

Mkono wa kulia una kalamu. Wa kushoto — uko juu! Uko juu na