Samaki Benye Ulitumia Keti

Kolwezi

Dada yangu mukubwa, Yaya Anjela,

Jambo yako, na jambo ya bote beko karibu yako wakati unasoma. Mama miguu inamuuma bado? Na bwana yako, ile kikohozi ilisha kumuacha? Siye huku tunapumua. Keti maralia ilimuacha, anakula bukari mpaka anaomba ingine. Nimeanza na yeye juu najua njo kitu ya kwanza utauliza.

Usishangae kuona karatasi. Telefone ya nyumba inakaa pembeni ya mama mukwe yangu, na masikio yake haizeeke. Barua anaibeba mwalimu jirani yetu, anaenda kule kwetu Moba kuona ndugu zake. Tena ni bwana yangu mwenyewe aliniambia nikuandikie. Alisema ku telefone utauliza maulizo mingi. Maneno alinituma ni hii: usikuye ku batizo ya Keti, hautakuwa tena mama yake ya batizo, batamutafutia mwingine. Sasa kaa chini, Yaya, nikuelezee namna tulifika pale.

Unakumbuka baba Keti alinunuaka akwariomu kwa muzungu mumoja mwenye alikuwa anafunga mizigo. Kioo kinene, pompi, taa, yote. Akaiweka mu saloni karibu na televizyo, na tangu ile siku tukakuwa batu bakubwa mu avenue. We ukatuma samaki ba ziwa yetu, juu Keti ajue fasi mama yake alitoka. Balifika bazima mu nailo yenye kujaa hewa. Nilipoona bale ba mistari ya manjano nililia, kweli nililia, na mama mukwe akaniuliza kama kuna mutu amekufa.

Kufuga samaki tulijifunza kwa kuua. Kwanza nilibadilisha mayi yote mara moja na mayi ya robine, ile yenye kunuka dawa. Babili bakageuka tumbo juu. Nikajua mayi inapashwa kulala mu bidoni kwanza. Kisha kuran ya umeme ikakatika, pompi ikanyamaza, nikashinda nachota mayi na kikombe na kuimwanga tena mule mule ipate hewa, mpaka bega ikaniuma. Mama mukwe naye akabatupia bukari. Eti, "Hakuna mwenye anafika mu nyumba yangu akalala njaa, hata kama eko samaki." Mayi ikachacha, saloni yote ikanuka. Nikaosha. Kila siku anauliza tutabakula siku gani. Samaki ya kuangalia tu, kwake ni wazimu ya batu benye kushiba.

Lakini bitu bikakuwa sawa. Samaki bakanona, Keti akabapa majina. Njo baba Keti akaleta jiwe. Unajua kazi yake, eko mu depo yenye kununua majiwe ya bachimbaji, na malakiti ya kupendeza, ile jiwe ya shaba, haimupite. Hii ilikuwa kubwa sawa kichwa ya mutoto, rangi ya majani mabichi, mistari-mistari. Akaisugua na brosi, akaiweka katikati ya mayi, taa ikaipiga. Bageni bakawa banasifu jiwe kuliko samaki. Na hapa Kolwezi nani hana ka-malakiti mu nyumba yake? Nani angeiogopa?

Konokono zenye zilikuya na samaki njo zilianza. Zikapanda ku kioo mpaka zikatoka inje ya mayi, zikaanguka. Kisha samaki benyewe: banahema mbio-mbio pale juu, habakule, asubui unakuta mumoja amelala ubavu. Baba Keti akaona akwariomu inapoteza uzuri, akaongeza majiwe ingine mbili. Ndiyo, Yaya. Akaongeza.

Ile juma yenyewe Keti akalala na maralia. Mama mukwe akaunganisha. "Hii samaki balitoka wapi? Kwa yaya ya mama Keti. Mwanamuke mwenye hana mutoto." Hivi njo alisema, mbele ya bamama ba korali ya kanisa. Eti ulifunga bulozi mu nailo, samaki banatangulia kufa, mutoto anafuata. Akamwanga mayi ya baraka mu akwariomu. Benye balibakia bakakufa nabo.

Ile neno "hana mutoto" njo iliniamusha. Nikaanza kufikiri. Siku niliosha kioo, wakati bengine balikuwa bado bazima, samaki mumoja nilimuweka mu ndoo, na mu ndoo akaamuka, akaogelea muzuri. Kumurudisha, akaanza tena kuhema. Na ule mutoni ya chini, kule banaosha majiwe, uliona mutu gani anatupa ndoano kule? Nikaenda ku soko kwa mama mumoja mwenye kuleta samaki ba ziwa ya Nzilo, nikanunua tusamaki tudogo tuzima. Nikatugawa mu beseni mbili, mayi moja, kivuli kimoja. Beseni moja nikaweka jiwe. Kesho yake tule twa jiwe twote tulikuwa ubavu. Tule tungine tulitukula mangaribi na majani ya sombe.

Mbele ya kupika nilimuita baba Keti aone. Akaangalia beseni moja, akaangalia ingine. Akatoa jiwe, akaipanguza na leso yake, akaiweka juu ya televizyo.

"Mama asijue," akasema.

"Asijue nini?"

"Alisha kusema ku korali, alisha kusema ku famiya yote. Nimufanye muongo na uzee yake?"

"Sasa yaya yangu akuwe mulozi juu mama yako asikuwe muongo?"

Unajua alinijibu nini? "Yaya yako eko mbali. Hatasikia."

Nina uchungu, sikufiche. Mama mukwe anasema kitu anaiamini, nitamusamehe siku moja. Lakini huyu bwana yangu anajua ukweli, aliiona na macho yake mu beseni, na bado anakula chakula yangu na kuniambia wewe njo mulozi juu ni rahisi. Tangu pale namupikia, namufulia, na moyo yangu iko ya baridi. Akwariomu iko tupu. Bageni banaulizaka kama tunangojea samaki bengine, naye anasema ndiyo.

Sasa sikia yangu mi. Kuya ku batizo. Kwa katekista nilienda mi mwenyewe, jina ya mama ya batizo mi njo nilitaja, na ni yako. Usipite ku nyumba. Shuka ku parokia moja kwa moja, uvae kitenge yako ya muzuri, ukae mbele. Nitakupatia Keti mbele ya batu bote na korali yao. Mwenye anataka kusema mulozi, aseme pale, padri eko anasikiliza.

Salimia Mama, umuambie niko muzima, hii ingine usimusomee. Salimia bwana yako, na kaka yetu fundi wa baiskeli, na mama mudogo mwenye kuchoma mikate. Bibi mama ya baba, umubusu kwa mi.

Baba Keti eko mu saloni, mulango wazi. Ameniuliza sasa hivi, "Umemuandikia asikuye?" Nimemujibu ndiyo. Atakupigia kuuliza kama barua ilifika. Umuambie ilifika, na ulielewa yote.

Mudogo yako wa tumbo moja,
Feza, mama Keti