Suruali ya Kamba kwa Mhandisi

Lushoto, Ijumaa

Shikamoo mama mdogo,

Baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno, lakini gauni zito ulilonishonea, lile la vifungo vya kifuu, limenisaidia mara mbili. Tuko kwenye shamba la kabeji la Bi Zaina, upande wa Irente, tunapima sumaku ya ardhini ili tujue pa kuchimba kisima. Kifaa nimekiunda mwenyewe kwa miaka mitatu, na chuma chochote kikikaribia kinakipotosha, ila vifungo vyako havikisumbui.

Jana namba zilizidi za juzi kwa arobaini, mahali palepale. Mhandisi anayetuongoza akasema mbele ya watu, "Hiki cha gereji kirudi kwao. Kesho naagiza cha dukani." Hata swali hakuniuliza.

Nilimsogeza kila mtu hatua ishirini, mmoja mmoja, nikapima upya. Alisogea Bi Zaina, arobaini ipo. Akasogea dereva, ipo. Akasogea mhandisi, ikaisha. Nikamwita, ikarudi. Nilirudia mara tatu. Ni chuma cha mkanda wake mpya alioanza kuuvaa jana, kipana kama kiganja.

Akauvua. Bi Zaina akamwambia, "Baba, wewe shika suruali, namba tuachie sisi."

Radhi hakuomba, ila kifaa kimebaki, na siku nne zilizosalia nitazimaliza nacho. Kondakta wa basi aliyekuletea kadi hii anapanda tena huku kesho. Mpe suruali ya kufunga kwa kamba, kiuno inchi arobaini na nne. Nimekadiria kwa macho, na sijakosea.

Mola akutunzie macho na vidole.

Mwanao,
Mwanahawa