Kibao cha Saba

Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la viatu.
14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani na hizo kazi zako za zamu? Na wifi yangu, bado anakucheka ukijisemea mwenyewe wakati wa kunyoa ndevu? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia. Mama naye anakula vizuri na anagombana na redio kama kawaida yake. Tatizo ni macho, na ndiyo sababu ya barua hii.

Daktari amesema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia huenda likabakiwa na mwanga na vivuli tu kabla mwaka haujaisha. Mama hakulia. Alisema anataka kitu kimoja: nimchoree marehemu Baba akiwa kwenye cherehani yake, picha kubwa, aione angali anaona. Nami kwa mdomo wangu mwepesi nikasema itakuwa tayari baada ya mwezi. Huu ni mwezi wa tatu.

Turubai ninalo, nimelikaza vizuri kwenye fremu, nikaligeuzia ukutani. Naliogopa. Mwalimu wangu alinifundisha nisiliguse turubai kubwa kabla sijamaliza makosa yangu kwenye vibao vidogo, kwa rangi zilezile za mafuta. Basi dirishani pamejaa vibao vinavyokauka. Kimoja ni mkono wa Baba ukisukuma kitambaa. Kingine ni mwanga unaoangukia cherehani. Hicho nilikichora asubuhi nne mfululizo, maana mwanga ule hukaa robo saa tu ukaenda zake. Hivyo vimekubali. Uso ndio unaonikatalia.

Hatuna picha yake hata moja ya maana. Ile ya kitambulisho unaikumbuka, amekodoa macho kama mtu aliyefumaniwa akiiba sukari. Kwa hiyo nachora kwa kukumbuka, nafuta, narudia. Kila nikimaliza namwita Mama. Anakisogeza kibao mpaka kwenye jicho lake zima, kisha ananiambia kwa upole, "Mtu mzuri huyu mwanangu, ila simjui." Rangi za mafuta hazina haraka, Kaka. Kila tabaka linataka siku zake za kukauka, na mimi siku sina.

Juzi nilimaliza kibao cha saba. Mdomo ulikuja wenyewe, na lile tabasamu la upande mmoja. Nikampelekea Mama kabla hakijakauka. Alikitazama mara moja tu, akacheka kwa sauti. "Si Kijiti wangu huyu! Mbona hukuniambia unamchora Kijiti?" Akakikumbatia, rangi mbichi ikamjaa gauni zima, na amekataa katakata kunirudishia.

Nililia, sikufichi. Kumbe uso niliokuwa nao kichwani siku zote hizi ni wako, Kaka Kijiti, na tena ni wa siku ile ulipoondoka, miaka tisa iliyopita.

Siombi picha wala pesa. Naomba uje uketi kwenye kile kiti, asubuhi chache, robo saa kila moja, nitazame mwanga unavyokuangukia, nimtafute Baba usoni mwako. Maneno mliyoachana nayo mlangoni, wewe na Mama, nayajua. Yeye hayataji tena.

Leo nimeligeuza turubai na kuanza: dirisha, cherehani, mikono. Mwanzo wa ngoma ni lele. Uso nimeuacha mweupe.

Msalimie sana wifi, na wale pacha waambie shangazi yao anawabusu. Shangazi Mkubwa anakusalimu, na fundi viatu wa hapa chini kila siku anakuulizia. Mungu akufungulie njia, nawe ukubali kuipita.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kitindamimba.

Nimesahau kukwambia: Mama amekiegemeza kibao chako kando ya mto wake, upande wa jicho linaloona.