Besi Waliochelewa Silabi Moja

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla mke wangu hajarudi Jumapili. Mimi ni fundi wa tovuti wa kujifundisha mwenyewe, na mke wangu ametunga wimbo wa kumkumbuka marehemu mama yake, akaniachia karatasi akasafiri, nami nikauweka kwenye ukurasa wa kwaya, maneno chini, noti za do-re-mi juu, nikabonyeza kitufe cha nafasi mpaka kila noti ikakaa juu ya silabi yake, kwenye kompyuta yangu mambo yakawa safi, nikajipongeza kwa chai. Kumbe kila kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, kina upana wake wa herufi na nafasi, na waimbaji wa besi wote wanatumia kile walichogawiwa na mwenzao mchomeleaji kwa sababu hakimalizi bando, na humo noti zimesogea kulia silabi nzima. Besi wale ni watiifu, wanaimba wanachokiona. Basi juzi mazoezini wenzao wakapanda, wao wakabaki kwenye noti ya nyuma, wakafuata polepole, kama mtu aliyeaga na bado amesimama mlangoni. Mshauri, nywele zilinisimama. Soprano waliacha kutazama simu zao. Mlinzi aliyekuja kutufukuza afunge ukumbi alivua kofia, akakaa.

Mwalimu wa kwaya akaninong'oneza, "Shemeji, usiguse kitu."

"Lakini hili ni kosa la ukurasa."

"Basi liache likosee hivyohivyo."

Dawa ya nafasi nimeshaipata. Nikirekebisha, nitaua kitu ambacho sijawahi kusikia mfano wake. Nikiacha, Jumapili mama mkwe ataimbiwa wimbo ambao bintiye hakuutunga, na bintiye ni mtu ambaye hata ukisogeza kiti chake kidogo anajua. Nifanyeje?

Fundi Nafasi

*

Fundi, pole, na shika adabu. Kubonyeza nafasi kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu, acha leo. Kila noti iweke na silabi yake ndani ya kisanduku kimoja, kama sufuria na kifuniko, kikisogea kimoja na kingine kisogee. Fanya hivyo kwenye ukurasa mpya. Wa zamani usiufute.

Nimekuamini kuhusu nywele, maana mlinzi hana sababu ya kuwabembeleza. Lakini ajabu yenu imeshikiliwa na uzi: kivinjari kile kitajisasisha bila kumuuliza mwalimu wa kwaya, na besi wataamka wamenyooka. Mkiutaka uzuri huo, lazima uandikwe kwa makusudi, na kalamu hiyo si yako. Aliyefiwa ni mkeo, halafu nyinyi wawili mnanong'onezana juu ya wimbo wake kama wezi wa kuku.

Mpigie leo, si Jumapili. Anza na kosa, nywele zako baadaye. Kisha weka simu katikati ya besi, kwaya iimbe wimbo wote, nawe ufunge mdomo. Akisema "rekebisha", ukurasa mpya uko tayari, usibishe hata kidogo. Akinyamaza, usimjazie maneno, wala usiulize kama mtandao umekatika. Mwache achelewe. Besi wameshakuonyesha.