Mhojiwa wa Saba

Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na dawa uliyopewa Nachingwea umeimaliza au umeiweka tena juu ya kabati? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Ila samaki nimewachoka, mama, kila siku samaki. Natamani kisamvu chako hadi nakiota.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Simu nimeiogopa. Kila nikipiga unasema "nzuri, nzuri, haya ongea na mama mdogo wako," na hapo ndiyo umeshaondoka. Ni hivyo tangu niliporudi chuo, nami nikawa najidanganya kwamba ni mtandao. Siyo mtandao. Najua nilichokufanyia.

Mama mdogo Somoe, wewe unayemsomea, nakuomba usiruke kitu, hata pale ninapojisema vibaya. Panapomtatiza mwambie kwa Kimwera.

Uliwahi kuniuliza hiyo saikolojia ni kusomea nini. Nikakujibu kwa haraka kwamba ni mambo ya akili, ukacheka, ukasema basi wehu wa Ruponda wamepata mganga. Sikukueleza vizuri. Walitufundisha kwamba mtu mmoja anaweza kutazamwa kwa njia nyingi. Wapo wataalamu wanaoangalia anachofanya tu, kile kinachoonekana. Wengine wanataka kujua anawaza nini, wengine wanamrudisha utotoni kwake, wengine wanachunguza ubongo, wengine wanaangalia jamii iliyomlea. Niliyapenda sana mambo haya, nikajiona nimepewa ufunguo wa watu wote. Kisha tukafundishwa utafiti. Usimtilie mhojiwa jibu mdomoni. Usioneshe kushangaa. Akihuzunika mpe nafasi, lakini wewe usiyumbe. Na usimhoji ndugu yako, kwa sababu huwezi kumsikia sawasawa. Hilo la mwisho nililiruka kwa makusudi.

Unakumbuka nilikuja kuhoji wajane kuhusu msiba. Wale kina mama walinipokea vizuri, ila yule aliyekuwa wa saba akasafiri kwenda Ruangwa kwa binti yake, na mimi siku zangu zilikuwa zimekwisha. Nikakuchukua wewe. Ndiyo kwanza ulikuwa umetoka kupulizia mikorosho, salfa bado iko kwenye kanga, hata maji ya kunawa sikukuacha uyapate. Nikakuwekea mbele ile karatasi ya kukubali. Ukaniuliza, "Nitie saini ndiyo niongee na mwanangu?" Nikasema ndiyo utaratibu. Ukatia. Wewe ukakaa mkekani na mimi nikakaa juu ya kiti, mtoto juu ya mama yake, simu inarekodi.

Ukaanza kwa Kimwera. Nikakukatiza nikakuomba useme Kiswahili, ili nisipate shida ya kutafsiri. Aibu hii ndiyo inayonila zaidi, mama. Baba umeishi naye kwa Kimwera, umemuuguza kwa Kimwera, umemlilia kwa Kimwera, nami nakutaka unisimulie kifo chake kwa lugha ya sokoni. Ulijitahidi. Ulipofika pale alipoomba maji, ukamletea, akashindwa kuyameza, maneno yakakuishia. Ukajifunika uso. Mimi nikasubiri. Nikaandika daftarini: mhojiwa ametulia.

Ulipojifunua ukaniuliza, "Na wewe, ulimlilia baba yako?"

Nikakwambia, "Mama, anayehojiwa hapa ni wewe. Twende swali la tano."

Ukasema, "Haya." Kuanzia hapo ikawa ndiyo, hapana, sijui, kama mtu aliyeitwa ofisi ya kata.

Juzi mwalimu wangu alimaliza kusoma mahojiano yote. Akasema ya mhojiwa wa saba ndiyo bora, mtafiti hakuyumba hata kidogo, akanitaka niyasome mbele ya wenzangu. Nilisimama na kiburi changu. Nilipofika kwenye yale maji sauti ikagoma. Darasa zima linanitazama. Nikasema mhojiwa wa saba ni mama yangu. Mwalimu hakunigombeza, alisema tu kwamba mahojiano hayo yatoke na kazi nianze upya, kwa hiyo wenzangu watamaliza kabla yangu. Nimestahili. Sauti yako bado ninayo kwenye simu, haijasikilizwa na mtu mwingine. Ukisema niifute, naifuta.

Sasa nijibu swali lako. Hapana, mama. Sikumlilia. Nilikuwa kwenye mitihani, nilifika mmeshazika. Kina mama wakanipokea kwa kilio, mimi nikaanza kuuliza sufuria ziko wapi na wageni watalala wapi. Hadi arobaini nilikuwa nahesabu sahani. Watu wakanisifu, binti kajikaza, naye shangazi akasema nina moyo wa kiume. Nikarudi chuo nikiwa na hofu kwamba nina kasoro. Ndiyo maana nikachagua kuuliza wajane wanaliaje. Nilitaka kujua watu wengine hufanyaje. Niliogopa kukuuliza kama mwanao, nikaja kukuuliza kama mgeni mwenye daftari. Nisamehe.

Nisalimie shangazi Binti Athumani, mwambie ule moyo haukuwa wa kiume. Msalimie mjomba Saidi wa Nanganga, umuulize kama bado anadai mikorosho yake ndiyo mizuri kuliko yetu, na bibi wa Nambambo, umbusu mikono kwa ajili yangu. Mama mdogo, asante kwa kusoma, na pole kwa mzigo niliokubebesha.

Mama, likizo ikifika nakuja. Nitakaa chini mkekani, na simu nitaiacha chumbani. Naomba unisimulie tena baba alivyoondoka, kwa Kimwera, hata ikichukua siku mbili. Na nikianza kulia, usininyamazishe. Nimechelewa sana.

Mwanao,
Zaituni