Keria ya Baba

Suna, Jumapili jioni. Mvua ilianza saa tisa na mpaka sasa haijaamua kama itaacha. Nguo za mtoto zimeanikwa sebuleni, mwenyewe amelala, na mimi nimechoka, ingawa leo sikufanya kazi yoyote ya mikono. Nimeitelekeza blogu hii kwa miezi mingi. Wachache mnaopita hapa mtanisamehe, maana leo siandiki kuhusu shule. Ama pengine naandika kuhusu shule tu, sijui.

Kinachonisumbua ni neno moja la Kiingereza. "Carrier".

Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Kila mwaka nalifundisha neno hilo katika kidato cha nne, tukifika kwenye urithi. Carrier ni mtu aliyebeba ugonjwa ndani ya damu yake bila yeye kuugua. Anakula, anacheka, anazeeka, na mara nyingi hana habari. Mfano wangu ni selimundu, yaani sickle cell, kwa sababu huku kwetu karibu na ziwa hakuna darasa ambalo halina mtoto anayeijua. Nawachorea mraba wenye vyumba vinne, naandika mama upande mmoja na baba upande mwingine, kisha tunajaza herufi. Wanafunzi wanaupenda mraba huo kwa sababu ni hesabu rahisi. Mtoto akitokea mgonjwa kabisa, basi baba ni carrier na mama ni carrier. Hakuna njia ya kuikwepa.

Kaka yangu Okoth alikuwa mgonjwa kabisa.

Alikufa akiwa na miaka kumi, mimi nikiwa na saba. Nakumbuka macho yake ya manjano, na mama akipasha kitambaa kwenye jiko ili amkande miguu. Kwetu ni Rangwe, upande wa Homa Bay, na hospitali ilikuwa mjini. Baba alikuwa na baiskeli nyeusi yenye keria pana ya chuma, aliyoiagiza kwa fundi wa kuchomelea ili ibebe magunia. Okoth akishikwa na maumivu, baba alifunga mto wa kochi juu ya ile keria, akampandisha, akamwambia ashike kiuno, wakaondoka. Mama aliwafuata kwa miguu na chupa ya chai.

Katika safari hizo kukazaliwa kisa ambacho baba amekisimulia kwenye kila mkusanyiko wa familia, hata kwenye arusi yangu. Siku moja walipokewa na daktari mgeni mwenye Kiingereza cha mbio. Mama alikuwa bado njiani. Daktari akasoma karatasi za maabara, akamgeukia baba, akasema maneno mengi ambayo ndani yake baba alisikia moja tu analolijua: keria. Kiingereza cha baba kiliishia darasa la saba, kwa hiyo alifurahi sana kwamba ameambulia kitu. Akaona anaulizwa kama ni yeye aliyembeba mtoto. Akasimama wima, akajibu, "Yes, Doctor. It is outside." Daktari akamtazama kwa muda, akampiga bega polepole, akaandika kwenye kadi.

Watu wakifika hapo hushika mbavu. Mimi pia nimecheka kwenye kisa hicho tangu utotoni. Mama hakuwahi kucheka, na mimi nikadhani ni kwa sababu amekisikia mara nyingi.

Baada ya mazishi ya Okoth, dada ya baba, waya Perez, alisema kwamba damu mbaya imetoka kwenye ukoo wa mama. Waya kwa Dholuo ni shangazi, na shangazi huyu akisema neno pale nyumbani, limekaa. Hakulirudia kwa mdomo. Alilirudia kwa mikono. Mtoto yeyote akizaliwa pale bomani, mama akimpokea, waya hutokea alipokuwa na kusema, "Lete, nimshike mimi." Anamchukua. Imekuwa hivyo kwa miaka ishirini na tisa, mbele ya baba, na baba hajawahi kusema kitu.

Sasa niungame.

Nilijua. Nilijua tangu nikiwa mwanafunzi wa kidato cha nne, siku mwalimu wangu alipochora mraba ule ubaoni. Niliujaza mimi mwenyewe kwa penseli, nikamweka Okoth kwenye chumba cha mwisho, nikaona kwamba hawezi kukaa pale bila baba. Nikafunga daftari. Baba ndiye aliyenipeleka shule ya bweni juu ya keria ileile, sanduku langu akilisawazisha mbele, akipanda vilima akinihimiza nitaje majina ya mifupa. Nilimpenda mno. Tena hayo si mambo ambayo binti anamwambia baba yake. Kabla ya arusi, mimi na Ouma, mume wangu, tulipimwa. Mimi ni carrier, yeye si. Mama alipouliza hospitali wamesema nini, nilimjibu kwamba tuko sawa.

Ijumaa iliyopita mama alinisindikiza kliniki hapa Migori. Amekuwa kwangu wiki tatu akinisaidia na mtoto wangu, Neema. Muuguzi, msichana mcheshi, alifungua majibu ya damu ya Neema akasema, "Mtoto yuko poa. Ni carrier tu."

"Keria?" mama akauliza. "Kama ile ya baiskeli?"

Muuguzi akacheka, akamwita dani, nyanya kwa Dholuo. "Si ya baiskeli, dani. Hii ni ya damu. Anabeba tu, haimsumbui."

"Na ameitoa wapi?"

"Kwa mzazi mmoja. Angeitoa kwa wote wawili ndio angekuwa mgonjwa."

"Wote wawili?"

"Lazima wawili, dani. Mmoja peke yake hawezi."

Mama alimshukuru, akamfunga Neema mgongoni, tukarudi nyumbani. Alipasha maji. Akaanza kumwogesha mtoto kwenye beseni, mimi nimesimama nimeshika taulo.

"Akinyi," akasema bila kuniangalia, "hii si ndio unafundishanga?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na mbili."

"Na mimi hukunifundisha."

Niliikunja taulo upya. Mama alimsafisha Neema nyuma ya masikio, akamgeuza, akamwagia maji mgongoni kwa kiganja. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, "Basi yule daktari hakuwa anauliza mambo ya baiskeli."

Mimi mwenye digrii sikuwa nimefika hapo. Kisa kile nimekisikia maisha yangu yote, na kila mara nimesikia keria, chuma, magunia. Sikuwahi kulirudisha neno lile kwenye Kiingereza lilikotoka. Mama yangu, ambaye hakumaliza darasa la nne, alifika akiwa ameinama juu ya beseni. Ukweli ulitamkwa mbele ya baba siku ile, Okoth akiwa hai, kisha ukageuzwa mzaha na sisi tukaucheka zaidi ya miaka ishirini na tisa.

Mama alikausha mikono. "Jumapili twende nyumbani. Utamwambia wewe. Mimi nikisema, itakuwa maneno ya mwanamke."

Jana ilikuwa Sabato. Kanisani aliimba kama kawaida. Mimi sikuweza kuimba. Nilikaa nikiligeuza neno lile. Kiswahili kinasema mbebaji, na kwetu kubeba ni kwingi: mtu hubeba mimba, hubeba mzigo, hubeba lawama. Vitabu vyangu vinasema carrier hana dalili. Nikamtazama mama, nikafikiria jinsi ambavyo huwaweka wajukuu wa wengine magotini kwa haraka, kama mtu anayejua watachukuliwa. Huyo alikuwa na dalili zote. Asiye na dalili nilikuwa mimi, niliyebeba ukweli wake miaka kumi na tisa na kulala vizuri. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimeitumia methali hiyo kuwasema watu wengine mara nyingi sana.

Leo Ouma alitupeleka kwa pikapu yake, ile anayopelekea kamba na ndoo kwa wachimba dhahabu wa Masara. Nilikuwa nimemweleza kila kitu. Tulifika Rangwe saa sita. Baba alitupokea kwa maombi mafupi, tukaketi sebuleni, na kabla chai haijamiminwa waya Perez akaingia, anaishi boma la pili. Alitusalimu wote vizuri. Kisha akamnyooshea mama mikono.

"Lete, nimshike mimi."

Mama akampa. Hakunitazama, lakini nilijua kwamba ananingoja.

Baba akauliza kliniki wamesemaje kuhusu mjukuu wake. Nikasema, "Wamesema ni carrier."

Uso wake ukang'aa. "Keria!" akasema. "Perez, umesikia? Kama mimi na yule daktari!" Na akaanza. Ningeweza kumkatiza. Nilimwacha afike mwisho, na bado sijui kama nilifanya hivyo kwa heshima au kwa woga. Alisimama wima kwenye zulia, akapiga saluti, akasema, "Yes, Doctor. It is outside." Waya alicheka hadi mtoto akatikisika. Ouma alitabasamu akiangalia viatu vyake.

"Baba," nikasema, "daktari hakuwa anakuuliza. Alikuwa anakuambia."

Nilichukua kijitabu cha kliniki cha Neema, nikageuza nyuma, nikachora mraba. Nikaandika mama upande huu, baba upande ule. Nikamweka Okoth kwenye chumba chake. Nikaeleza polepole, kwa Dholuo na Kiswahili, bila istilahi. Baba alivaa miwani, akaweka kidole juu ya karatasi.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, baba."

"Na hii herufi ndogo?"

"Ndiyo uliyobeba. Mama ana yake, wewe una yako. Okoth alipata zote mbili."

"Hiyo siku, nilikuwa nayo?"

"Ulizaliwa nayo."

Alivua miwani. Tulisikia kuku wakiparura nje ya mlango. Baba ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno tayari, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, au kwa mistari ya Biblia. Alikaa akiutazama ule mraba.

"Na nikamwambia iko nje," akasema.

Waya alikuwa ameacha kucheka. Alifungua mdomo, nadhani alitaka kuuliza kama vitabu havikosei. Baba aliinua mkono bila kumwangalia.

"Perez. Mrudishie min Okoth mtoto."

Min Okoth ni mama yake Okoth. Tangu mazishi hakuna mtu aliyemwita hivyo. Amekuwa min Akinyi, kana kwamba alianza kuzaa kwangu. Waya alisimama, akavuka zulia, akamweka Neema mikononi mwa mama. Hakuomba msamaha, na mama hakuungoja. Alimlaza mtoto begani, akavuta shali ikawafunika wote wawili, akabaki hivyo hadi chai ikapoa. Mimi nilitoka nje nikalia kando ya tangi la maji.

Sitaki kuandika hapa kwamba yamekwisha. Baba hakuzungumza tena mpaka tulipoaga. Sijui usiku huu anawaza nini, na inaniuma, kwa sababu mtu yule kweli alimbeba mwanawe. Alipanda vilima vile mara ngapi, huku mtoto akilia mgongoni pake? Hilo nalo ni kweli, na halifuti lile lingine. Alipoweza kusema neno moja kwa ajili ya mkewe, hakusema. Mimi pia sikusema, na mimi nilikuwa na kitabu.

Mama ameamua kubaki Rangwe. Mvua ilikuwa imeanza alipokuja hadi kwenye pikapu kunikabidhi mtoto kupitia dirishani. Nilianza kumwambia kitu, nilikuwa nimekipanga tangu Ijumaa. Akanifunga kola ya koti kama bado niko shule ya msingi.

"Wewe nitakuongelesha siku ingine," akasema.

Hakusema kwa ukali. Lakini hakusema pia kwamba imepita, na najua mama yangu hasahau kitu alichoahidi. Nitaingoja hiyo siku. Sitamtanguliza Ouma, wala sitatuma ujumbe wa simu. Nitaenda mwenyewe nikae kwenye stuli ya jikoni kwake na nisikilize mpaka amalize.

Kesho nina kidato cha nne, kipindi cha pili, na bahati mbaya au nzuri tumefika kwenye urithi. Nimetoa daftari langu la maandalizi nikaangalia mraba wa mwaka jana, na wa mwaka juzi. Yote inafanana. Carrier wa kwanza niliyeandika, kila mwaka, ni mama. Hakuna kitabu kilichonituma nianze naye, ni mkono wangu tu ulivyozoea.

Kesho nitaanza na baba.